Jumlisha

Bi Somoe Nandule aliingia gereji
jua halijauvuka mlima wa Mtandi.
Hakuzima gari. Alisema,
"Nikilizima litanuna, na hapa nimefika kwa kubahatisha.
Sijui mwendo, sijui mafuta, sijui joto.
Wiki ya tatu naendesha kwa masikio."

Haisi ya tisini na mbili,
tumboni viti mia mbili vya plastiki, maturubai,
sufuria mbili za kutosha kuogeshea mtoto,
vyote vya kukodisha: harusi, msiba, watoto wakitoka jandoni.
Kwenye dashibodi mishale imelala upande mmoja
kama watu wa matanga saa tisa usiku.

Nikafungua. Njia za shaba zimeota kutu ya kijani,
vumbi la Newala limeingia hadi nyuma ya kioo.
Hii haitengenezeki, mama.
Ninayo nyingine, ya tisini na nane,
niliitoa kwenye gari lililolala ubavu mteremko wa Kitangari
pamoja na korosho zake.
Uso ule ule. Matundu manne ya skrubu, yale yale.
Yusto, anayejifunza kwangu, akaipachika, ikaingia tap!
"Imekwisha, fundi!"

Haikwisha.
Ndugu wa tumbo moja, na hawasalimiani.
Ile ya zamani ina soketi tatu, hii mbili.
Ile ilipimiwa mwendo na kebo,
chuma kinachojisokota kutoka giaboksi mpaka machoni pa dereva;
hii haitaki kusokotwa, inataka kunong'onezwa
na sensa ambayo gari hili halikuzaliwa nayo.

Siku mbili chali chini ya usukani,
taa ya kujaribia mdomoni,
nikiuliza waya mmoja mmoja: wewe wa nani?
Kijani chenye mstari mwekundu, joto.
Njano yenye mstari mweusi nikadhani mafuta;
nikawasha, zikawaka indiketa zote mbili
na honi ikalia yenyewe.
Muuza vitumbua wa jirani akahamisha karai lake.

Mafuta yalinisumbua kuliko vyote.
Tangi tupu, mshale unasema nusu.
Uongo wa namna hiyo humwacha mtu Chiwata usiku,
na bibi harusi kasimama, hana pa kukaa.
Nikavunja redio iliyokufa, nikatoa rezista
ndogo kama punje ya mtama, nikaichomea njiani.
Mshale ukashuka polepole,
kama mtu anayekiri.

Jioni ya pili nikamwita akae.
Akavaa miwani. Hakutazama mafuta.
Alitazama namba.
"Laki mbili na tatu elfu, mia moja na kumi na saba.
Hizi za nani?"

Za lile la Kitangari, nikasema.
Zako zilikuwa laki nne na kumi na nane elfu, mia sita thelathini.
Nikacheka kidogo: gari limerudi ujanani.
Ukitaka kuliuza, Nachingwea hawatauliza.

Akanyamaza. Ana namna ya kunyamaza inayodai risiti.
"Kiti changu kikivunjika," akasema,
"sikifuti kwenye daftari.
Kilikaliwa."

Akaomba plasta na kalamu ya wino mzito.
Akapiga hesabu kiganjani, akakosea,
akafuta kwa mate, akapiga tena,
akabandika chini ya mshale wa mwendo:
JUMLISHA 215,513.

Mwezi huu amerudi, taa ya breki.
Yusto alikuwa anatafuta bisibisi.
Nikachungulia ndani: 203,940.
Plasta imeanza kubanduka pembeni,
juu yake kuna nyingine, namba ile ile,
mwandiko wa mtoto, tano zimetazama nyuma.

Nikajumlisha kichwani, mikono na grisi yake.
Kwenye risiti, penye kilomita,
nikaandika 419,453.