Karani wa Mizani

Alipatikana chini ya lori la tani thelathini,
foleni ya Malaba, usiku wa mvua,
waya wa kufungia gunia umemzama shingoni.
Utingo alimshika ukosi kama soksi chafu:
"Karani, na huyu umpime."
Wakacheka wote. Nami nikampima,

si kwenye ile mizani kubwa ya serikali
isiyohisi kitu chini ya magunia mawili.
Asubuhi, Tororo, mizani ya sukari dukani kwa Nekesa:
kilo mbili na robo,
viroboto vikiwa ndani ya hesabu.

Rangi yake vumbi la kiwandani, nikamwita Simiti.
Nilipomwogesha maji yakawa uji wa kijivu
na beseni likatoa mbwa mwingine,
mwekundu kama barabara ya Nagongera.
Lakini jina lilikuwa limeshaganda.

Daktari Emuron alikata waya, akajaza kadi:
jike, miezi mitatu kwa makisio.
"Nakaa naye wiki mbili tu," nikamwambia,
"kisha atafutiwe watu."
Wiki mbili zangu zilikuwa na siku sitini na moja.

Alikula posho na mukene. Alikula kandambili.
Alikula ankara ya umeme, nami sikumlaumu.
Ila siku niliyoinua mkono kutungua taa ukutani
alijibandika sakafuni, akajikojolea,
macho yamefumba yakingoja.
Basi nikateremsha vya juu vyote,
chumvi, taa, kalenda ya benki.
Nyumba yangu ikaishia kiunoni.

Wa kwanza kuja alikuwa mwenye ghala la mahindi.
Mnyororo alikuwa ameshanunua.
Wa pili mama mwema, watoto wanne, vifijo tele;
Simiti aliingia uvunguni Jumapili
akatoka Jumanne.
Wa tatu aliuliza atazaa lini.
"Unachagua kama unayeoza binti," alisema Nekesa,
"na mahari yenyewe viroboto."

Kisha Ochwo, fundi wa vitanda. Kiziwi.
Mkewe Akisa, kiziwi vilevile.
Binti yao Nyapendi, miaka minane,
ndiye sikio la nyumba, ndiye mlango wake.
Nusura niwakatalie.
Nyumba isiyo na ukali wa sauti, sawa,
lakini mikono! Mikono inayopanda na kushuka
tangu uji wa asubuhi hadi kufunga komeo.

Nilikwenda naye. Nikakaa juu ya ubao wa mvule.
Akisa aliinua mkono.
Simiti akajibandika chini.
Mkono ukapita hewani, ukamfikia Ochwo,
Ochwo akainua wake.
Haukumshukia mtu.
Ukapanda mwingine. Nao haukushuka juu yake.
Nilihesabu, kuhesabu ndiyo kazi yangu:
kwenye wa arubaini na kitu alisimamisha sikio moja.
Jua likiinama alikuwa kwenye maranda,
kidevu juu ya miguu,
akiifuata mikono ile kama asomaye barua.

"Wanasema nini?" nikamuuliza Nyapendi.
"Mama anasema posho imeungua.
Baba anasema ni yeye aliyekuwa anaongea."

Nilirudi mara tatu, nikijidai nataka stuli.
Sasa ninazo stuli tatu.
Mara ya mwisho tulimpima kwa Nekesa, kilo kumi na moja,
akanikanyaga mguu, akapanda baiskeli ya Ochwo
ndani ya kreti la soda, bila kugeuka.
Wala sikutaka ageuke. Nilitaka kidogo.

Wamempa jina la mikono:
kidole gumba kikisugua ncha za vidole,
kama mtu anayeonja ulaini wa saruji.

Chumvi bado iko chini.

Jana usiku lori la kiwandani lilipanda mizani,
tani ishirini na nane na ushee.
Dereva akangoja risiti, akangoja,
akachungulia dirishani kwangu.
Vidole vyangu, bila kutumwa na mtu,
vilikuwa vinamwita.