Lakiri

Saa nane na robo usiku, Shimanzi, ghorofa ya tatu
juu ya duka la vipuri,
mkondo umekatika tena hatua ya nne.
Mstari mwekundu: faili halipatikani.
Halipatikani wapi, na mimi ninalo hapa,
nalitazama kwa macho yangu mawili?

Ninalo hapa. Ndiyo kasoro yenyewe.
Mtambo haupajui hapa pangu.
Kila mara huamka mtupu kama nyumba iliyohamwa,
hauna hata kijiko,
husoma karatasi niliyouandikia, mstari kwa mstari,
na nisichokiandika hakipo.

Baba alikuwa karani wa makontena, Kilindini.
Mzee Ngumbao wa kalamu mbili:
ya buluu ya kuhesabu, nyekundu ya kukataa.
Alizoea kusema, "Kadzo, sanduku halina kosa.
Kosa liko kwenye orodha."

Nikaongeza mstari. Nikausukuma.
Kijani, kijani, kijani,
kisha likatoka furushi la giga mbili
kwa programu ya kukokotoa ushuru wa mchele!
Kumbe nimefungasha na jiko.
Nani apelekaye pilau ya arusi kwa wakwe Bondeni
akabeba na mafiga, na kuni, na mwiko,
na mpishi mwenyewe, jasho likimtiririka?
Basi nikaigawa kazi:
jiko lipike, liungue, libaki huko huko na masizi yake;
sinia lichukue kilichoiva tu.
Megabaiti arubaini na moja.
Nilicheka peke yangu hata Mwakio, mlinzi,
akapanda kuuliza kama nina mgeni.

Ningelala.
Badala yake nikafanya nisilotumwa:
nikalifunua tabaka baada ya tabaka
kama mtu abanduaye chapati ya moto kwa ncha za vidole.
Na chini, tabaka la tatu,
neno la siri la hifadhidata ya mteja,
mkono wangu mwenyewe, wa mwezi wa Februari.
Lakini nililifuta!
Ndiyo, nililifuta. Kwenye tabaka la juu yake.
Kufuta huku ni kupaka rangi ubavu wa kontena:
jina la mwenye mali wa kwanza lipo,
kwaruza kwa ukucha, linasomeka.

Mwaka ule wa mafuriko
baba alitia sahihi kontena alilolisoma kwenye karatasi tu.
Lakiri nzima, nambari sawasawa.
Ndani hamkuwa na vigae.
Mlikuwa na nini, hakutuambia hata leo.
Alirudi Chaani mchana, jambo lisilo desturi yake,
akaiosha kalamu nyekundu kwenye beseni
mpaka maji yakawa kama ya aliyechinja kuku.
Majirani walisema, Ngumbao kafutwa.
Nami nikiwa na miaka tisa nilimtafuta usoni
nione wapi palipofutika.

Nimelibadilisha neno la siri.
Nimejenga upya tangu tabaka la chini, si kwa kupaka.
Mtambo umelipiga furushi alama yake ya kidole,
tarakimu na herufi sitini na nne;
ukigusa nukta moja ndani, alama yote inakukana.
Sasa linangoja idhini yangu liende bohari,
na kutoka bohari, mashine mia tatu
zitalifungua bila kuuliza lililopikwa wapi.

Saa kumi na moja nikampigia.
"Baba, katika makontena mia, mlikuwa mkifungua mangapi?"
Kikohozi. Redio ikazimwa.
Kimya cha mtu apapasaye kalamu
kwenye mfuko wa shati asilolivaa tena.
"Mawili," akasema. "Wewe je?"
"Leo, moja."
"La nani?"
"Langu."