Safu ya Maoni

Saa mbili na robo, Kiborloni. Mlima umejifunika
kama mgonjwa asiyetaka kuonwa.
Nashuka na koti jeupe, kalamu nyekundu
na kipimajoto kirefu kama kijiti cha mshikaki.
Habari zimenitangulia: wakaanga chipsi
wa mtaa mzima wameota kofia ghafla,
na kijana wa supu anapunguza kucha kwa meno.

Kwa Ndeshukurwa hakuna aliyekimbia.
Mtori unachemka, unapasua mapovu taratibu: pwa, pwa.
"Karibu, bwana afya. Leo unakula au unaandika?"

Naandika.
Ubao wa kukatia umechimbika katikati,
nyama ya jana imelala kwenye mifereji yake.
Mafuta ya sambusa meusi kama chai ya msibani.
Kitambaa ni kimoja: kimefuta meza, kikafuta sahani,
kikafuta paji la uso la mpishi, kikarudi mezani.
Nakiinua kwa ncha ya kalamu.
Naambiwa zamani kilikuwa cha bluu.

Kadi za afya. Ya mwenyewe iko hai.
Ya Aikande imekufa tangu Machi.
Ya tatu ina picha ya mwanamume mwenye masharubu,
na anayeinyooshea kidole kusema "ni yangu"
ni binti wa miaka kumi na tisa.
Hata yeye anacheka. Mimi sicheki, naandika.

Nazamisha kipimajoto kwenye maharage ya jana:
nyuzi thelathini na nane,
joto la kwapa la mtoto,
joto ambalo vijidudu huoana na kuzaa na kuzaa tena.

Niseme na hili, maana halina safu:
miaka miwili nilikula hapa
nikisomea kazi hii hii.
Jina langu lilikaa kwenye daftari lake la madeni
hadi mshahara wa kwanza,
na tumbo halikuniuma hata siku moja.

Nafika kwenye sinki. Nazungusha bomba.
Linakohoa, linatoa pumzi ya kutu,
kisha buibui mmoja, mwembamba, anayeona haya.

"Tangu Alhamisi," anasema Ndeshukurwa.
"Ndoo shilingi mia tano, kwa mkokoteni.
Jana nimenunua kumi na mbili.
Chungu kwanza, mikono baadaye."
Anaelekeza mwiko kwenye mawingu:
"Theluji yote ile, bwana afya.
Na kule kwetu mfereji aliochimba babu
bado unapita kwenye migomba, unaimba bure."

Napekua fomu. Pana mahali pa kucha,
pa nywele, pa panya, pa inzi,
pa mlango wa choo na komeo la mlango wa choo.
Mstari wa bomba kavu haupo.
Na wenye bomba, fomu yao anayo nani?

Nilikuwa nimeshaandika FUNGA, SIKU SABA.
Aliisoma kichwa chini miguu juu, wino ukiwa mbichi.
Hakuniletea soda. Hakunikumbusha daftari.
Ningependa angenikumbusha.
Alichukua lile tambara, akafuta ubao wa mlangoni:
chapati, ikaondoka; kisusio, kikaondoka.
Aikande akamwaga maharage nyuma ya banda
na kuku wa jirani wakaja mbio. Wao hawadaiwi kadi.

Mwisho akaniita jikoni.
"Pima na hiki."
Mtori: nyuzi tisini na nne.
"Hiyo nayo iandike."

Niliandika kwenye safu ya maoni, kwa herufi za sisimizi:
bomba, Alhamisi, ndoo kumi na mbili, tisini na nne.
Safu ikajaa. Nikageuza karatasi.

Kisha, mlango ukiwa umefungwa nusu,
nikaomba kijiko.
Alikisuza kwa maji ya moto.
Akakisuza tena,
polepole,
akinitazama.