Nakala ya Tatu

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya isha,
nazima feni isigombanie umeme,
natoa diski kwenye kopo la unga wa dengu
na kuichomeka.
Hoza kakaa pembeni, magoti kifuani,
anazichunga asilimia kama maziwa jikoni.

Nne. Nne. Tano.

Zamani hatukuwa na habari za kunakili.
Tulidhani kilichomo kwenye kompyuta kimo tu,
kama chumvi ilivyomo majini.
Mpaka usiku ule wa Machi, Barabara ya Kumi na Tano nzima,
umeme ulipokwenda ukarudi na hasira:
taa ya sebuleni ikapasuka,
friji ya mama Zuhura ikanyamaza moja kwa moja,
na mashine yetu ikanuka mpira ulioungua.

Fundi Twalibu wa Makorora aliifungua,
akapuliza vumbi, akapuliza tena, kwa heshima tu.
"Kasha zima," akasema. "Kilichokufa ni kumbukumbu."

Mimi nilipoteza hesabu za cherehani za miaka minne,
vipimo vya mabibi harusi,
hata bega la kushoto la Mwanaidi, lililo chini kidogo,
na picha za mama yangu akicheka, kibogoyo, hana habari.
Hoza alipoteza mji.

Mji! Kwanza nilicheka.
Miaka miwili kaujenga ndani ya gemu, tofali kwa tofali:
una reli, una soko, una bwawa la viboko,
una nyumba moja ya kijani, vyumba vitatu,
ambayo hakuwahi kuniambia ni ya nani.
Baba yake alipobeba begi kuhamia Chumbageni
mtoto hakulia. Aliuliza tu
kama pampu ya baiskeli inakwenda au inabaki.
Kwa mji ule alilia siku tatu,
na siku ya tatu ndipo nikavielewa vyumba.

Twalibu ndiye aliyenifunza:
nakala moja uitumie, ya pili uifiche,
ya tatu ikalale nyumba ya watu.
"Moto hauchagui kabati, shangazi.
Na mwizi hakuachii nusu."
Nikawaza nyumba za watu.
Dada yangu yuko Muheza, mbali,
na wanawe hufungua kila kitu kwa kisu.
Jirani, hapana, atataka kuchungulia.
Nikahesabu kwa vidole wanaonijua
na wasio na haja ya kunichungulia.
Kikabaki kidole kimoja, nami sikukipenda.

Basi kila mwezi Hoza huifunga diski
kwa kipande cha kanzu kilichobaki mezani,
hupanda baiskeli, hukata Usagara,
huiacha kwa baba yake, hurudi na ile ya mwezi uliopita.
Salamu hazimo. Hiyo ndiyo salamu.

Mwezi wa tano ilirudi na folda nisiyoiunda mimi.
Haikuwa na jina, ila tarehe.
Nikaifungua nimesimama, kitana mkononi.
Picha kumi na moja, za simu yake ile ya zamani,
nyingine zimetikisika, moja ni kidole chake tu:
mama yangu, kizingitini, anamenya machungwa,
anacheka na ufizi wote.

Sikumshukuru.
Nilishona mfuko wa diski, wenye bitana na zipu,
nikaupima kwa macho, ukakaa sawasawa.
Ule mfuko sasa unakwenda na kurudi,
na zipu bado haijakwama.

Sitini na moja. Taa inapepesa.
Hoza anashika ukingo wa meza
kana kwamba umeme unapita mle.
Imetulia.

Tisini na tisa ndiyo hukaa kuliko zote.
Joto limejaa chumba, jasho linanichirizika mgongoni,
feni iko pale, inatutazama,
na hakuna anayethubutu kunyanyuka.