Kinga Kimoja

Bakili, mwanangu, usipige simu huku unalia.
Nyumba ipo. Mimi nipo.
Kilichoungua ni chandarua, upande wa miguuni,
pindo la kitenge cha bluu ulichoniletea Idi,
na nywele kidogo, ambazo hata hivyo
zilikuwa zimeshaaga.

Moto naujua.
Nilichoma korosho kwenye bati la matundu
kabla sijafikiriwa kuchezwa unyago;
nikisikia ganda linatema mafuta
narudi hatua mbili, mwali unaruka, unanikosa.
Moto wa nje, wenye kelele, hatujawahi kusumbuana.

Huu ulionivizia ulikuwa mdogo kama punje ya mtama,
umekaa juu ya kopo la maziwa
na utambi wa pamba,
kimya, kama mgeni mwenye adabu.

Umeme ulikatika saa tatu.
Nikakiweka kibatari juu ya kigoda, karibu na kitanda,
maana magoti yangu hayataki tena
kutafuta mlango gizani.
Nikasema nijinyooshe, mgongo upoe, kisha nizime.
Uzee, mwanangu, hukunyima usingizi ukiutaka,
ukiukataa hukumwagia wote.

Pua haikuniambia kitu. Pua yangu siku hizi
inakaa usoni kama pambo.
Kilichoniamsha ni unyayo:
joto, halafu mwanga usio wa alfajiri.

Maji? Hapa Mahuta?
Mtungini mlikuwa na kata mbili,
na moja nilishaiwekea nia ya udhu.
Nikapiga yowe; likatoka kama kikohozi.

Sasa sikiliza.
Unamkumbuka fundi Lihame,
aliyekuja kuziba ufa, akala kianzio,
akaniachia ndoo ya mchanga nyuma ya mlango?
Miezi minne nimejikwaa kwenye ndoo ile
nikimtaja yeye na ukoo wake.
Usiku ule niliibeba kama mtoto.
Mchanga wote wa Lihame ukaenda kitandani,
moto ukafa ukinung'unika.
Nimemsamehe kianzio. Ufa bado.

Unaniambia nije mjini, Mtwara,
nikae kwenye vigae, nipikiwe kwa gesi.
Mkeo ana moyo mzuri, nitakuja kusalimia.
Lakini usidhani ukiniondolea jiko umeniondolea hatari;
utakuwa umeniondolea asubuhi.

Kibatari nimekitupa chooni, kopo na utambi wake.
Kitanda nimekisogeza, miguu inaelekea mlangoni.
Kuni zinalala nje, hata zikilowa.
Nikipika navaa ile gauni ya mikono mifupi,
kanga inaningoja msumarini hadi niepue.
Ndoo nimeijaza tena, mchanga wetu mwekundu,
hauhitaji kupanda nao mlima.
Na mfuniko wa sufuria unaning'inia kichwani pangu
pamoja na mchi mdogo,
kwa sababu yowe langu limezeeka kuliko mimi.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Siku tatu nimelala na neno hilo.
Kinga, gogo linalowaka.
Kinga, kile kinachozuia.
Aliyevipa jina moja sijui alikuwa mvivu
au alikuwa mjane.
Tangu baba yako atutoke mimi ni kinga kimoja,
nawaka polepole,
sitaki kuzimwa.
Nataka cha pili kiwe karibu.

Kipo.
Mama Sijaona akifungua mlango
kwanza hutazama paa la jiko langu.
Moshi ukitoka, anaendelea na ufagio.
Moshi ukichelewa, anamtuma Sijaona aje kuniomba chumvi.

Juzi mvua ilinyesha, kuni zikagoma,
mtoto akaja mara tatu.
Mara ya tatu hata bakuli hakubeba,
akasimama tu kizingitini, ananihesabu.

Kwa hiyo ukija, mtungi wa gesi uache hukohuko.
Niletee tochi, ya kuchaji kwa jua.
Na chumvi, Bakili. Chumvi nyingi.
Yangu yote iko kwa jirani.