Hesabu ya Klipu

Kuopio, Februari. Ziwa limeganda hadi malori yanapita juu yake,
na humu, chumba namba nne, tumelifungua fuvu la Veijo Sarkkinen,
fundi wa kupatanisha nyuzi za piano,
aliyesema jana akinikabidhi miwani:
"Chukueni mtakacho. Masikio mniachie."

Sikumwambia kwamba masikio hayamo njiani.
Kilichomo njiani ni kivimbe,
punje ya mbaazi kwenye njia panda ya mshipa,
kimetuna kama shavu la mtoto anayezuia kicheko.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Lakini ukuta huu ni mwembamba
hata naiona damu ikizunguka ndani yake,
na damu hii ikitaka kutoka haibishi hodi.

Daktari Hyttinen ameuma kijiti cha darubini.
Anaisogeza kwa meno, mikono isiache kazi,
kwa hiyo hasemi. Ananyoosha kiganja, nami nakisoma:
vidole viwili, mkasi;
kidole gumba, kifyonzi;
kiganja kilichotulia tu, subiri.
Saa nzima anapasua utando, uzi kwa uzi,
bila kuukasirisha ubongo.
Ubongo hupanda na kushuka. Wengi hawalijui hilo.
Kama tumbo la paka aliyelala.

Klipu ya muda. Mshipa mkubwa umefungwa.
Tuovi, mtu wa usingizi, anahesabu kwa sauti:
dakika moja.
Dakika mbili.
Hakuna anayekohoa.
Napitisha klipu ya titani, taya zake fupi kuliko kope;
inaingia, inauma shingo ya kivimbe, inafumba.
Ya muda inatoka. Kivimbe kimesinyaa.
Mtu nyuma yangu anashusha pumzi.

Mapema mno.

Tunatia rangi damuni, tunazima taa,
na mishipa inawaka kwenye skrini, tawi baada ya tawi,
yote, isipokuwa mmoja,
mwembamba kama unywele, umebaki gizani
chini ya taya ya klipu yetu nzuri.
Unywele huo ndio unaoulisha mkono wa kulia.
Mkono wa kulia ndio unaoshika ufunguo wa nyuzi.

Hyttinen anatema kijiti.
"Naifungua," anasema. Neno lake la kwanza tangu saa mbili.

Tena klipu ya muda. Tena Tuovi na dakika zake.
Nachagua iliyopinda, sijaombwa;
kiganja kinaipokea bila kuuliza.
Safari hii, taa zilipozimwa,
unywele uliwaka.

Alizinduka jioni. Tukamwambia akaze ngumi, akakaza.
Akageuza shingo kuelekea mashine ya mapigo:
"Hiyo inalia chini kidogo ya sauti yake."
Tukacheka, tukadhani yamekwisha.
Kisha akanyoosha kidole dirishani, kwenye theluji,
akalitafuta neno, akalikosa,
akamtazama mkewe kana kwamba kaliweka mkobani.
Lilirudi Alhamisi, wakati wa uji.

Lakini usiku ule sikujua kuhusu Alhamisi.
Nilibaki na fomu yangu, kalamu ikivuja,
kwa maana hakuna chombo kinachoondoka chumbani bila kuandikwa.
Klipu zilizotoka: tatu.
Zilizorudi: mbili.
Nikatia sahihi kwamba hesabu imetimia.