Mwizi wa Penseli

Usiku wa nyuzi thelathini chini ya sifuri
gari letu hulala limechomekwa umeme,
waya ukitokea dirishani mwa jikoni
kama kamba ya ng'ombe mmoja tuliyebaki naye.
Volvo ya mwaka themanini na nne, rangi ya haradali
pale ambapo kutu imetuachia rangi.

Hapa Övertorneå barabara hutiwa chumvi,
na chumvi haichagui: hula sakafu, hula milango,
hula hata maneno ya fundi Ragnvald
ambaye kila Novemba hujilaza chali chini yake,
agonge kwa bisibisi, atege sikio,
kisha aseme, "Chuma bado kipo. Kidogo."

Mkaguzi, kijana mwenye kalamu safi,
aliniuliza limetembea kilomita ngapi.
Nikamwambia: mita ilikata roho
kwenye laki nne, themanini na saba elfu, mia tatu kumi na sita.
Jino moja la plastiki lilivunjika, basi.
Tangu hapo baba alihesabu mwenyewe.
Haparanda na kurudi, mia na arobaini.
Kanisani, sita.
Hospitali na kurudi, karibu mia tatu,
mara kumi na nne mwaka ule mama alipougua,
akaziandika zote, hata ile ya mwisho
ambayo kiti cha pembeni kilirudi kitupu.

Daftari bado limo kwenye kisanduku cha mbele.
Oili. Mkanda. Plagi nne.
Kulungu kagongwa, taa ya kushoto, pole zake.
Yote kwa penseli, hadi Machi ya tisini na nne,
wino wa buluu unapoingia kwa hasira:
PENSELI IMEIBWA.

Alitushuku sote. Mama. Dada yangu Aune.
Mchungaji aliyepewa lifti Jumapili ile.
Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilipenda kuchora,
kwa hiyo kesi yangu ilikwisha kabla ya kuanza.
Wiki mbili nilikwenda shule kwa basi.
Sikuiba. Sikusamehe pia;
watoto nao wana daftari zao.

Baridi ya mwaka huu feni ya joto ikaanza kulia,
kilio cha paka aliyefungiwa kabatini.
Ragnvald akacheka bila furaha:
"Hawa walianza na feni,
halafu wakalijenga gari juu yake."
Siku tatu tulifungua. Usukani, redio, dashibodi nzima,
skrubu kwenye makopo ya kahawa,
vidole vikinatia kwenye spana kwa baridi.
Jirani Esko akasimama mlangoni mwa gereji
akatupigia hesabu: kwa fedha hizi
ungeanza kulipia gari jipya
lenye kiti kinachokupasha makalio.
Nikamwambia, lete spana namba kumi au nenda kalale.
Akaileta. Akabaki hadi saa tano usiku.

Na chini kabisa,
mahali ambapo mkono hauingii usichubuke,
kati ya sindano za msonobari na pipi ya limau iliyogeuka jiwe,
nikaigusa: fupi, ya kijani,
imetafunwa nchani
kwa meno ninayoyajua.

Nilinyamaza. Ragnvald akadhani nimejikata.

Watu huuliza mkweche huu mnaupendea nini.
Sina jibu la kumtosha Esko.
Gari jipya halijakuibia kitu bado,
nadhani ni hivyo, au karibu na hivyo.

Leo liliwaka mara ya pili; ya kwanza huwa ni salamu.
Nilishuka hadi mtoni, feni kimya,
barafu ya kioo ikijifungua kutoka chini
kama mtu anayefumbua macho bila kutaka.
Niliporudi nikaichonga penseli kwa kisu cha samaki
na kuandika, chini ya wino wake wote:

Feni mpya. Mtoni na kurudi, nne.
Penseli imepatikana.
Baba, nilikwambia.